Ngozi za Samaki wa Masanja

Bariadi, Jumapili, jioni. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Joto ni lile la kubana kifua. Nina hasira, na ninaiandika ikiwa bado ya moto, maana nikiiacha hadi kesho nitaanza kuipunguza ili ipendeze kusomwa.

Nimeandika habari katika mkoa huu kwa muda mrefu. Nimeandika pamba iliyooza kwenye maghala, wafugaji na wakulima waliokatana kwa sababu ya lambo, mto uliobeba gari na waliokuwemo. Sijawahi kupandisha sauti kwa mtu ninayemhoji. Leo nimepandisha sauti sebuleni kwangu, mbele ya mama yangu, kwa sababu ya samaki wanaoenea wawili kwenye kijiko cha chai.

Samaki wenyewe wanaitwa gapi. Ni wadogo, madume wana mikia ya rangi kama vipande vya kitenge, na majike hawatagi mayai, wanazaa watoto walio tayari kuogelea. Tangi la kioo niliachiwa na mfanyakazi mwenzangu alipohamishwa. Nililiweka sebuleni kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuliweka. Sikuwa na mpango nalo.

Kisha Mama akaja kukaa kwangu kutoka Ipililo, baada ya kiharusi. Mkono wa kulia haumtii vizuri na anatembea na fimbo. Ng'ombe wake waliisha kwa matibabu yake mwenyewe. Wiki ya kwanza alilicheka tangi. Alitaka kujua ni watu wa aina gani wanaofuga kitoweo bila kukila. Wiki iliyofuata alihamisha kiti chake.

Tangu hapo, kila asubuhi alikaa mbele ya kioo kabla hata ya chai. Alijifunza kuwatofautisha kwa mabaka na mikia, kama alivyokuwa akiwatambua ng'ombe wake wakitoka zizini. Jike kubwa kuliko wote alimwita Nkima, neno letu la Kisukuma la mwanamke aliyeolewa, mwenye nyumba yake. Nikitoka chumbani tulisalimiana, mwangaluka, mwangaluka, na salamu ilipoisha alinipa ripoti: "Wameamka wote."

Nilizoea ripoti hiyo. Nilikuwa siondoki nyumbani bila kuisikia.

Sasa Masanja.

Masanja ni mtoto wa mjomba wangu. Kwake Mama ni sengi, yaani shangazi. Anaishi Nyashimo, anauza vipuri vya pikipiki, na ni mtu ambaye hakuna anayeweza kumchukia kwa muda mrefu. Nimejaribu. Alipoliona tangi langu naye akataka samaki, akanunua gapi Mwanza, akawaweka kwenye pipa la plastiki lililojazwa maji ya lambo. Aliwalisha vijidudu alivyovichota kwenye majaruba ya mpunga. Alijivunia hilo. Alisema mimi nawalisha wangu vumbi la dukani, yeye anawapa chakula cha asili.

Mwezi uliopita nilikuwa Mwanhuzi kikazi. Masanja akaja Bariadi na ndoo. Alikuwa anasafiri na hakuwa na mtu wa kumwachia samaki wake. Alipoingia alimwambia Mama hivi, nimesimuliwa na Mama mwenyewe zaidi ya mara moja:

"Sengi, nimekuja kubilisa."

Mama alicheka hadi akakohoa.

Kwa wasomaji wasio wa huku: kubilisa ni kumpelekea ndugu au rafiki ng'ombe wako awatunze katika zizi lake. Yeye anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na ndama wao wanabaki kuwa wako. Wazee waligawa mifugo yao hivyo kwenye mazizi yaliyo mbalimbali ili ugonjwa ukiingia zizi moja usiwamalize wote. Ng'ombe akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo ushahidi kwamba hakumuuza wala kumchinja kwa siri. Kukubali ng'ombe wa mtu ni heshima, na kukataa ni kumwambia kwamba humwamini, au kwamba wewe mwenyewe huaminiki.

Ni utaratibu wenye akili. Kwa ng'ombe.

Mama hakuwa amekabidhiwa kitu cha mtu tangu augue. Akakubali palepale. Masanja akamimina ndoo yote kwenye tangi langu, samaki na maji ya lambo na kila kilichokuwa kikiogelea humo.

Niliporudi Mama alinipokea mlangoni, amesimama. "Tumepata ng'ombe wa watu," akasema.

Niliangalia tangi. Kila mfugaji wa samaki, hata wa mwezi mmoja, anajua kwamba mgeni anakaa kwanza peke yake, kwenye maji yake, kwa wiki kadhaa, na wavu wake mwenyewe, hadi uhakikishe hana ugonjwa. Nilimwambia Mama tuwatenge. Aliniangalia kana kwamba nimetukana.

"Kuwatenga? Ng'ombe wa ndugu yako? Wamekosa nini?"

Nikasema tena, kwa upole zaidi, tuwatenge kwa muda tu. Akasema mtu hatengwi kwa muda. Akitengwa ametengwa. Isitoshe maji yalikuwa yameshachanganyika. Nikaacha.

Walianza kukonda. Walikula vizuri, wakazidi kukonda. Migongo ikapinda kidogo, madume wakaacha kuringia majike, na baadhi wakawa wanajificha nyuma ya pampu ya hewa. Jumamosi ya wiki iliyopita Nkima alitulia karibu na kioo na mimi nikiwa na tochi ya simu. Chini ya tumbo lake, kwenye tundu la haja, zilikuwa zimechomoza nyuzi nyekundu, nyembamba kuliko nywele. Alipoogelea zilirudi ndani. Alipotulia zikatoka tena.

Nimeona mengi katika kazi hii. Lakini sijawahi kuona kitu kinachungulia nje kutoka tumboni mwa kiumbe hai, kisha kinarudi ndani kwa sababu mwenye tumbo amesogea.

Nilipiga picha nikamtumia mtaalamu wa samaki aliye Mwanza, niliyewahi kumhoji kuhusu ufugaji wa vizimba ziwani. Alinipigia simu baada ya muda mfupi. Akasema ni minyoo, na ukishaiona nje ujue ndani ni mingi. Mabuu yake yanatoka na kinyesi, yanaanguka chini ya tangi, samaki wanayala wakitafuta chakula, au yanaingia kwenye vijidudu vya maji vya kule kwenye lambo na majaruba, na samaki anavila vijidudu hivyo. Chakula cha asili.

Nikamuuliza kama ninunue dawa ya minyoo kwenye duka la mifugo. Alinikatiza.

"Dada, usiniambie dawa ya minyoo. Hilo si jina la dawa. Niambie jina."

Akanipa jina: levamisole, ile ya peke yake, isiyochanganywa na dawa ya minyoo ya maini. Inawekwa kwenye maji kwa kipimo kinachotokana na lita, kwa hiyo lazima nipime urefu, upana na kina cha maji, nisikadirie. Mwanga unaiharibu, kwa hiyo chombo kifunikwe. Haiui minyoo papo hapo, inailegeza hadi samaki aitoe mwenyewe. Baadaye uchafu wote wa chini unyonywe kwa mpira, maji yabadilishwe, na baada ya wiki kama tatu dawa irudiwe kwa ajili ya ile michanga iliyosalia. Wanatibiwa wote, hata wanaoonekana wazima. Akaniambia pia kitu kimoja nisichopaswa kukitia kwenye maji hayo kwa namna yoyote, ivermectin, ile ya kuwachoma ng'ombe sindano. Akarudia mara mbili. Hapa kwetu hakuwa na uhakika wa kuipata levamisole ya peke yake, akasema atanitumia kwa basi.

Jumatatu nilimpigia Masanja. Nilitaka achunguze pipa lake.

"Minyoo tu?" akasema. "Dada, mbona unanitisha? Minyoo hata mimi ninayo, na nilioa hivyohivyo. Dawa ya minyoo ipo ndani, nakuletea."

Nikamwambia asilete. Nimeshaagiza. Asilete kitu chochote. Nilitumia maneno hayo hayo.

Jumanne nilikuwa kwenye kikao cha halmashauri. Masanja alipanda basi na bomba la sindano na chupa ya ivermectin.

Nimemuuliza leo alipimaje. Alisema samaki wote kwa pamoja hawafiki uzito wa kifaranga, kwa hiyo alichukua kipimo cha ndama "akakipunguza kwa macho". Mama alimruhusu kwa sababu mbili. Nusu ya mifugo ile ilikuwa ya Masanja, na mwenye ng'ombe haombi ruhusa kumtibu ng'ombe wake. Pili, alisema ni dawa ya minyoo, na mimi nilikuwa nimesema wana minyoo.

Niliporudi walikuwa wamelala chini ya tangi. Wengine walikuwa wanatetemeka, mmoja anazunguka akiwa amepinduka kama jani kwenye mtaro. Bomba la sindano lilikuwa mezani, limesafishwa vizuri. Niliwahamishia waliobaki kwenye ndoo nyeupe yenye maji safi niliyoyalaza tangu asubuhi. Walionusurika ni Nkima na wadogo wawili waliozaliwa humu ndani.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi. Sijui aliwezaje, yeye ambaye kuinuka kitini ni shughuli. Alikuwa anaokota waliokufa kwa mkono wa kushoto na kuwapanga kwenye sahani mbili. Wetu huku, wa Masanja kule. Aliwajua kwa mikia. Wetu nikawafukia nyuma ya nyumba. Wa Masanja aliwapaka chumvi, akawaweka juu ya bati juani.

Sikumuuliza. Nilijua.

Siku zilizofuata alikaa kwenye kiti kilekile mbele ya tangi tupu. Asubuhi tulisalimiana, na salamu ilipoisha hakukuwa na kitu baada yake. Mama amelea ng'ombe wa watu maisha yake yote na hakuna hata mmoja aliyewahi kupotea mikononi mwake bila maelezo. Sasa amepewa mifugo ya watu kwa mara ya mwisho, pengine, na imekufa yote. Hakuwa analilia samaki. Alikuwa anasubiri kuulizwa.

Dawa ilifika Alhamisi. Mtaalamu akasema niwaache kwanza wapumue kwenye maji safi, nisipige sumu juu ya sumu. Tangi nimelisugua, nimelitoa uani likauke kabisa. Wavu nimeuchemsha. Leo asubuhi nikapima maji ya ndoo, nikaweka levamisole, nikafunika kwa khanga.

Masanja amekuja baada ya ibada, na suti yake ya kanisani. Mama alikuwa ameshajiandaa. Sahani ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa cheupe, kile anachofunikia chakula cha mgeni.

"Masanja," akasema, "ulinipa mifugo. Imekufa. Ngozi zake hizi hapa. Hesabu."

Akafunua.

Masanja alitazama wale samaki, wamekauka, kila mmoja kama ukucha. Akacheka. Sidhani kama alikuwa na ubaya. Alicheka kama anavyocheka siku zote.

"Sengi, hawa hawana ngozi. Nitajuaje kama hamkuwakaanga? Hapa kesi imenishinda, utanilipa tu."

Mama hakucheka. Aliitazama sahani kama mtu anayepitia upya hesabu yake na kuona kweli haifiki. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea kwenye ndoo.

"Basi mchukue Nkima. Ana mimba."

Hapo ndipo ningetegemea mtu mwenye akili aseme, sengi, nilikuwa natania. Masanja alikwenda kwenye ndoo. Akafunua khanga, akachungulia. Akasema, "Eeh, amenona huyu." Akaishika ndoo kwa mpini.

"Masanja, weka chini."

"Dada, sengi mwenyewe amesema."

"Nimesikia alichosema. Weka ndoo chini."

Hiyo ya pili ndiyo niliyoipandishia sauti. Jirani aliyekuwa anafua uani alinyamazisha redio yake. Masanja akaweka ndoo.

Nikaenda jikoni nikaleta chupa aliyoisahau Jumanne. Nikampa mkononi. Nikamwambia, kuna picha ya ng'ombe, kuna kondoo, kuna nguruwe, nionyeshe samaki. Akaigeuza. Nikamwonyesha maandishi madogo ya ubavuni, yale ya Kiingereza, nikamwambia atusomee mimi na sengi yake kwa Kiswahili. Alisoma polepole, akitafuta maneno. Isitupwe kwenye mito wala mabwawa. Ni hatari kwa samaki.

"Nilikwambia usilete," nikasema. "Umeleta minyoo kwa ndoo, ukaleta sumu kwa sindano, na leo unamdai mgonjwa fidia kwa utani. Waangalie hao kwenye sahani, chini ya matumbo. Hizo nyuzi unaziona? Zilitoka kwenye pipa lako."

Akainama. Zilionekana, zimekauka na kuwa za kahawia. Hakucheka tena.

"Nilidhani dawa ya minyoo ni dawa ya minyoo," akasema.

Mama akauliza swali moja tu. "Kwa hiyo aliyewaua ni mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

Akafunika sahani kwa kitambaa, taratibu, kona kwa kona, akaisukuma upande wa Masanja. "Basi ngozi zako hizo. Mimi sidaiwi."

"Sengi, nilikuwa natania jamani."

"Mimi sikutania."

Masanja ameondoka na sahani. Nimemwona akivuka barabara na suti yake, ameibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa chakula cha msibani. Pengine baadaye itanichekesha. Leo hapana.

Nilidhani Mama angenishukuru. Hakunishukuru. Alisema nimemsomesha ndugu yangu chupa kama polisi, na kwamba mtu akija na suti ya kanisani haachwi aondoke bila maji ya kunywa. Amesema ni kweli Masanja amekosa, lakini ni wetu. Nilikuwa na majibu mazuri matatu, na bado ninayo.

Nimekaa uani nikilitazama tangi likikauka. Nimeshaamua: mgeni yeyote atakaa kwenye ndoo yake, na wavu wake, na sitajali ni samaki wa nani. Hakuna vijidudu vya jarubani, hakuna maji ya lambo. Wiki tatu kutoka leo narudia dawa. Nilirudi ndani kumweleza Mama hayo kwa utaratibu, nikijiandaa kwa ugomvi wa pili. Nilifika kwenye kuwatenga wageni, nikalikwepa neno. Nikasema tutawaweka karantini.

"Karantini," akasema. "Kama ule mwaka walipofunga mnada."

Nikasema ndiyo. Kama mnada unapofungwa kwa ugonjwa, hakuna ng'ombe kuingia wala kutoka, wa tajiri wala wa maskini.

"Kwa nini siku ile hukusema karantini?"

Ninaishi kwa kuchagua maneno. Nilisema kuwatenga, neno la kumfukuza mtu kwenye ukoo, kwa mwanamke aliyeamrishwa karantini ya ng'ombe mara nyingi kuliko nilivyoandika habari yake, naye kila mara akatii bila kinyongo. Hasira yangu kwa Masanja haijapungua. Imepata tu mwenzake wa kukaa naye.

Muda mfupi uliopita, jua likiwa linazama, Mama amesema bila kunitazama, "Khanga imekaa vibaya tangu Masanja aifunue. Mwanga unaingia."

Nimekwenda kuitengeneza. Kabla ya kufunika nimechungulia mara moja. Nkima yuko karibu na uso wa maji, anapumua. Chini ya ndoo nyeupe kuna uzi mwekundu, umelala. Nimeutazama kwa muda. Haujasogea.

Mama ameniuliza kuna nini. Nimemwambia wapo watatu.

Amekigeuza kiti chake kielekee kwenye ndoo. Kesho asubuhi sitamuuliza chochote. Nitamsalimia, kisha nitasubiri ripoti yake.